Tunacheza ya Wapi? Ubishi wa Sheria katika Michezo ya Mezani ya Thika na Ruiru

Wahakiki wa fasihi simulizi katika Afrika ya Mashariki wamezoea kushughulikia maneno ambayo wasemaji wake wamekwisha kukubaliana juu ya utaratibu wake. Kitendawili kina mwito wake na jibu lake. Hadithi ina ufunguzi na mwitikio. Hata malumbano ya washairi yana bahari na mizani zinazowafunga wote wawili. Maneno ya watu wanaobishana juu ya utaratibu wenyewe, shughuli ikiwa haijaanza au imekatika katikati, hayakupewa nafasi kubwa katika majarida yetu. Huchukuliwa kuwa kelele tu. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba kelele hizo zina maana, na kwamba maana hiyo inatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko tunavyopenda kukiri.

Mifano yangu naitoa Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyoachana kwa kilomita 20 hivi kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Ni miji ya wahamiaji. Viwanda vya Thika viliwavuta watu kutoka kila pembe ya Kenya, na Ruiru ya leo imejaa wapangaji na wanafunzi wa vyuo ambao kila mmoja amekuja na mchezo wake kutoka kwao. Mtu apendaye kusikia sheria zikigombaniwa hana haja ya kwenda mbali: na asimame saa kumi na moja jioni karibu na kibanda cha fundi viatu penye ubao wa drafti, au aingie katika chumba chochote cha wanafunzi umeme ukiwa umekatika.

Nianze na wanafunzi. Mchezo wao ni ule ambao vijana wa Kenya huuita kadi, na wengine poka, ingawa hauna udugu wowote na poka ya kamari ya Wamarekani. Kila mchezaji hugawiwa karata chache, kwa kawaida 4, kisha hutupa karata inayolingana kwa aina au kwa namba na ile iliyo juu ya rundo. Karata ya 2 na ya 3 humwokotesha anayefuata karata za idadi hiyo. Jokari humwokotesha zaidi. J humruka mtu. K huurudisha mzunguko ulikotoka. 8 na Q ni karata za swali, nazo hudai jibu. A huzuia adhabu au hubadilisha aina inayochezwa. Mchezaji anayekaribia kumaliza hana budi kutamka mapema maneno mawili, "niko kadi", na asipoyatamka hawezi kumaliza hata kama mkono wake umebaki mtupu.

Hayo yote hayana ubishi. Ubishi huanza mtu anapoweka 2 juu ya 2: je, wa tatu huokota karata 2 au 4? Mtu anaweza kumaliza kwa A? Aweza kutupa karata tatu za namba moja kwa mkupuo? Jokari ni ya karata 5 au zaidi? Swali laweza kujibiwa kwa swali? Nimehesabu jioni moja, katika mchezo usiozidi nusu saa, vituo vinne vya namna hii, na kimoja kilichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Kijana mmoja alikulia Makongeni, Thika, na mwenzake Kihunguro, Ruiru. Wa kwanza alimaliza kwa A. Wa pili akasema, "Kwetu hiyo haimalizi." Wa kwanza akajibu, "Kwani hapa ni kwenu?" Baada ya hapo hapakuchezwa tena mpaka mtu wa tatu alipouliza swali ambalo lingefaa kuulizwa kabla ya kugawa karata: "Sasa tunacheza ya wapi?"

Sidai kwamba kuna sheria ya Thika na sheria ya Ruiru. Ndani ya Makongeni yenyewe sheria hubadilika kutoka ploti moja hadi nyingine, na shule za bweni ambako wengi walijifunzia mchezo huu zimezidisha mchanganyiko huo. Linalonivutia ni sarufi ya ubishi. Hakuna aliyesema "sheria inasema". Walisema "kwetu", "kwenu", "ya wapi". Kimilikishi kilichofungwa na ngeli ya mahali ndicho kinachobeba mamlaka yote. Kanuni haina kitabu, ina mahali. Na anayeikataa kanuni yako amepakataa mahali pako, na pengine watu waliokulea hapo. Si ajabu sauti zikapanda.

Maelezo ya kwanza yanayomjia msomi ni kwamba ubishi huu unatokana na kukosekana kwa maandishi. Sheria ingeandikwa, itasemwa, ugomvi ungekwisha. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka nilipokwenda ng'ambo kwa masomo ya uzamili na kupanga chumba katika nyumba ya vijana waliokuwa wakicheza Dungeons & Dragons kila Ijumaa usiku. Huu ni mchezo wa kusimulia: mmoja huongoza kisa, wengine hujitwalia wahusika, na dadu za pande nyingi huamua kama upanga umempata adui au umempita. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao tangu siku ya kwanza ni mchezo wa vitabu. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, la nne 2008, la tano 2014, na sheria za toleo hilo la tano zikafanyiwa marekebisho mwaka 2024. Kila kitu kimeandikwa, tena kwa kurasa mamia. Na ubishi wao juu ya toleo lipi ndilo mchezo wa kweli ulikuwa mkali kuliko wowote niliopata kuusikia nyumbani. Toleo la nne lilipotoka, wapenzi wengi wa lile la tatu walikataa kuhama, na mwaka 2009 kampuni nyingine ikawatolea mchezo wa Pathfinder, uliojengwa juu ya sheria za toleo lililoachwa. Yaani watu walibadili jina la mchezo wao ili waendelee kucheza mchezo uleule.

Maandishi, basi, hayakuuzima ubishi. Yaliupa tarehe na jalada. Vijana wa Ruiru husema "ya kwetu". Wale wa nyumba yangu walisema "ya tatu" kwa sauti ileile. Nyakati zilikuwa zimechukua nafasi ya mahali.

Maelezo ya pili ni ya kiuchumi: watu hugombana kwa sababu pana soda au shilingi mia mezani. Maelezo haya yana ukweli wake lakini hayafiki mbali, kwa maana wanafunzi niliowatazama hawakuwekeana kitu, na wale wa Ijumaa hata mshindi hawakuwa naye; katika mchezo wao hapana anayeshinda.

Ili kulipata jambo lenyewe yafaa tuwaache vijana na kwenda kwa wazee wa drafti, maana kwao hasara yaonekana wazi zaidi. Ubao una miraba 64, na kila upande una kete 12, ambazo aghalabu ni vifuniko vya soda, wengine wakivilaza na wengine wakivigeuza juu chini. Kete iliyofika mwisho wa ubao huwa kingi. Katika drafti ya Kiingereza, ambayo ndiyo yenye ubao huu, kingi huenda mraba mmoja tu kwa zamu. Katika drafti ya kimataifa, inayosimamiwa na shirikisho la FMJD lililoundwa mwaka 1947, ubao una miraba 100 na kete 20 kila upande, na kingi hupita mstari mzima kama risasi. Meza nyingi nilizozitazama Thika zimechukua ubao wa Waingereza na kingi wa bara la Ulaya. Nani aliyeuoanisha ubao huo na kingi huyo, na lini, ni historia inayongoja mtafiti. Hata hivyo hutokea mgeni akaketi na kudai kingi wa hatua moja, au akadai kwamba kula si lazima, au kwamba kete ya kawaida yaweza kula kurudi nyuma.

Tuyatazame madai hayo kwa jicho la mzee aliyekaa kwenye meza ile miaka thelathini. Ujuzi wake wote umejengwa juu ya jambo moja: kwamba adui analazimika kula. Kwa sababu hiyo aweza kumpa kete moja ili amtoe mahali pake, kisha azoe mbili au tatu. Mitego hiyo ameikusanya moja moja, kwa kushindwa mara nyingi, na baadhi yake ina majina anayoyajua yeye na marafiki zake watatu. Mgeni akisema "kula si lazima", hakubadilisha kanuni moja kati ya kanuni kumi. Ameifuta miaka thelathini. Mzee atabaki na ubao uleule, vifuniko vilevile na mikono ileile, naye atakuwa sawa na mtoto aliyejifunza jana. Hali ni hiyohiyo kwa kingi. Anayecheza kwa kingi mrefu ajua kwamba mmoja aliyeshika mstari wa kona hadi kona aweza kuwaepuka watatu, na kwa hiyo mchezo unaoelekea kupotea hauachwi. Ukimpa kingi wa hatua moja, huyo mpweke aghalabu hukamatwa na wawili, na subira aliyojifunza haimfai kitu.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ulipo mzizi wa ubishi wa matoleo, Thika na kwingineko. Mtu hatetei kanuni kwa kuwa ni nzuri. Anatetea umahiri alioulipia kwa umri wake, na umahiri huo hauhamishiki. Fedha za noti za zamani hubadilishwa benki kwa noti mpya. Ujuzi wa toleo la zamani hauna benki. Kwa hiyo hoja zote zinazotolewa mezani, kwamba kanuni hii ina akili zaidi, kwamba ile ni ya watoto, ni za kweli lakini si za kwanza. Nilipomwomba mzee mmoja anieleze sheria za drafti, alianza kwa kunitajia aliyemfundisha na kiwanda walichofanya kazi pamoja, na ilinibidi ningoje sana kabla ya kufika kwa kete.

Itapingwa kwamba naikuza karata. Jean Piaget, katika utafiti wake wa mwaka 1932 juu ya maadili ya watoto, aliwatazama watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akaona kwamba wadogo huzihesabu sheria kuwa takatifu, zimetoka kwa wakubwa na hazigusiki, ilhali wakubwa huzijua kuwa ni mapatano na huzibadilisha wakikubaliana. Kwa kipimo hicho, mzee wa drafti amerudi utotoni. Sioni hivyo. Mtoto wa Piaget hana kitu cha kupoteza sheria ikibadilika. Ameanza kucheza juzi. Mapatano ni rahisi kwa wote ambao bado hawajawa mahiri. Inafaa pia kukumbuka kwamba watoto wale wakubwa, kwa maelezo ya Piaget mwenyewe, walifurahia kujadili sheria karibu sawa na kucheza, na hilo nimeliona Ruiru: ubishi ni sehemu ya mchezo hadi pale mmoja anapoona kwamba akikubali, atakuwa hajui kucheza.

Pwani ina mfano ulio wazi zaidi, maana huko matoleo yana majina. Bao lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Lipo la kujifunza, ambamo kila shimo hutiwa kete 2 na mchezo ukaanza. Na lipo bao la Kiswahili, ambamo kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 22 akiwa nazo mkononi, akiziingiza moja moja katika hatua ya namu kabla ya kufika mtaji, huku akiilinda nyumba yake kwa kanuni zinazomchosha mgeni. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitia bao katika tungo zake katika karne ya 19, na watafiti wa siku hizi wamezitumia tungo hizo kama ushahidi wa historia ya mchezo. Lakini tuyatazame majina. Anayecheza lile la kwanza hakuambiwa kwamba anacheza bao jingine. Ameambiwa kwamba bado anajifunza. Na lile la pili halikuitwa bao gumu, wala bao la wakubwa. Limeitwa kwa jina la watu wenyewe na lugha yao. Waliokuwa na umahiri ndio waliogawa majina, na katika kugawa wakaweka cheo. Bara nako, Wakikuyu waliokuwa na giuthi yao ya safu mbili za mashimo hawakungoja mtu awaambie kwamba wanajifunza.

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea. Mgogoro wa ushairi uliotushughulisha tangu miaka ya 1970 tuliueleza kwa maneno makubwa: wanajadi na wanamapinduzi, uhafidhina na usasa, Uislamu wa pwani na Uafrika wa bara. Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na neno sheria katika jina la kitabu hicho ni lilelile linalosikika penye karata. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema kwamba hayo si mashairi, kama vile mzee wa Thika asemavyo kwamba hiyo si drafti. Wahakiki wa upande wa pili, nami nilifundishwa na baadhi yao, waliwajibu kwa nadharia: kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Jibu hilo laweza kuwa sahihi na lisiguse kidonda. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kujifunza kuleta kina cha kati bila kuivunja maana hakuwa akiuliza uti wa mgongo uko wapi. Alikuwa akiuliza ujuzi wake utakuwa nini kesho asubuhi. Hatukumjibu. Tulimwita mhafidhina, na tukapanga mitaala bila yeye.

Simtetei. Nasoma mashairi huru kwa hiari, na mashairi mengi ya vina yanayoletwa magazetini hujaza mizani kwa maneno yasiyo na kazi. Lakini uhakiki usioweza kueleza kwa nini mpinzani wake anaumia umekosa nusu ya habari.

Lugha yenyewe ilipitia njia hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Wenye Kimvita, ambacho kilikuwa na hazina ya ushairi iliyokwisha kukomaa, walijikuta wamekuwa mahiri katika toleo ambalo halikuchaguliwa, tena uamuzi wenyewe ukiwa umepitishwa mjini mwao. Malalamiko yao tumeyasoma kama siasa za mahali, "kwetu" na "kwenu". Ni kweli, lakini siasa hizo zilikuwa na uzito kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu waliojua kitu kwa ukamilifu.

Sasa nikiri la kwangu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliniandikia insha juu ya jioni katika bweni lao, na ndani yake mhusika akasema, "Niko kadi!" Nilikata maneno hayo kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "nimebakiwa na karata moja", nikapunguza alama mbili. Mwanafunzi alikuja ofisini, akasema kwa adabu, "Mwalimu, akisema hivyo ataokoteshwa." Nilicheka, naye hakucheka. Alikuwa na haki. "Niko kadi" si maelezo ya hali ya mkono wa mchezaji. Ni tendo linalofanywa kwa kutamka, la aina ambayo J. L. Austin aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1962, kama vile talaka au kiapo. Maneno yakibadilishwa, tendo halikutendeka.

Tena sarufi yake ina utaratibu. Nilidhani ni "niko na kadi" iliyoangusha kiunganishi, na kwa hiyo kosa juu ya kosa, maana "niko na" yenyewe tunaipiga vita darasani. Lakini kila mchezaji ana kadi tangu mwanzo. Tamko la kwamba anazo lisingekuwa na maana. "Kadi" hapa ni hali, kama katika "niko tayari" au "niko sawa", na vijana huinyambua katika nafsi na nyakati zote bila kukosea: uko kadi, hakuwa kadi, ulikuwa kadi ukanyamaza. Ni umbo jipya la kiarifu lililozaliwa penye karata, na mimi nililiondoa kwa sababu umahiri wangu, nilioulipia kwa miaka ya shule na mtihani, ni wa toleo jingine. Nilifanya alichofanya mzee wa drafti, isipokuwa mzee hana wino mwekundu.

Alama mbili zile nilizirudisha. Lililobaki ni kazi, nayo ni ya idara zetu. Wanaokusanya michezo ya jadi huandika kanuni moja safi kwa kila mchezo, kwa kumuuliza mzee mmoja anayeaminika, na hivyo huchapisha toleo lake kana kwamba ndilo mchezo. Ningependa wanafunzi wetu watakaotumwa Kiandutu, Gitothua na kwingineko waandike pia pale mchezo ulipokatika: nani aliikataa kanuni, kwa maneno gani, alijifunzia wapi na kwa nani, nani aliyekubali mwishowe, na kama aliyekubali alirudi kucheza juma lililofuata.